HOMA INAYOKUJA BAADA YA MAFUA KUISHA: TUJUE NINI KUHUSU WATOTO WETU

Ndugu wafanyakazi wa mashamba ya michikichi, wa mashine za kukamua mawese, wa viwandani, na ninyi nyote wa pwani ya ziwa kutoka Magara na Minago hadi Rumonge na Nyanza-Lac,

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza habari za mishahara, za vibarua na za ajali kazini. Safari hii tunazungumza habari za mtoto mgonjwa. Msidhani tumetoka nje ya kazi ya chama. Mtoto akilala kitandani siku sita, mzazi wake haendi shambani siku sita, na kwa kibarua siku ambayo hukufanya kazi haina malipo. Kwa hiyo ugonjwa wa mtoto ni jambo la kazi kama mambo mengine.

Mwenzetu mmoja, mkata mikungu, alitujia akiwa na huzuni. Mtoto wake wa miaka 8 alikuwa ameshikwa na homa. Alinunua dawa ya malaria sokoni. Homa ikatulia usiku, asubuhi ikarudi. Akanunua mara ya pili, kisha ya tatu. Hakumpeleka hospitali kwa sababu mbili: aliogopa gharama, na aliogopa kufutwa katika orodha ya vibarua. Siku ya sita mtoto alikuwa analia tumbo, macho mekundu, hawezi kusimama. Ndipo akambeba. Kwa bahati nzuri mtoto alitibiwa akapona. Lakini baba aliporudi kazini alikuta jina lake limekwisha kufutwa.

Jina la ugonjwa wa mtoto yule sisi hatulijui, wala si kazi yetu kulibuni. Lakini kisa hicho kilitufanya tuulize na tujifunze, kwa kuwa upo ugonjwa mmoja ambao huja kwa namna hiyo hiyo. Ni ugonjwa wa watoto unaofuata baada ya virusi kupita. Hautokei mara nyingi. Hata hivyo ukitokea, siku mbili tatu za kuchelewa zinaweza kuwa tofauti ya kuishi na kufa.

UGONJWA HUU ULIJULIKANAJE

Wote twakumbuka mwaka 2020. Tarehe 31 Machi mwaka huo serikali yetu ilitangaza wagonjwa wa kwanza wa Korona hapa Burundi. Mwishoni mwa Juni Rais Évariste Ndayishimiye alisema Korona ni adui mkubwa wa nchi, na bei ya sabuni ikapunguzwa ili kila mtu apate kunawa. Sisi wa Rumonge tulilitambua jambo hilo kuliko wengine, maana sabuni hutokana na mawese, na mawese ndiyo jasho letu.

Wakati ule watu walisema Korona ni ugonjwa wa wazee, watoto hawana shida. Maneno hayo yalikuwa na ukweli mwingi. Watoto walio wengi walipata mafua madogo tu, na wengine hawakuugua hata kidogo.

Lakini mwezi wa Aprili 2020 madaktari wa Uingereza walianza kuona jambo geni. Watoto waliokuwa wazima kabisa walifika hospitali na homa kali, tumbo linauma, macho mekundu, na moyo umelegea. Huko Bergamo, katika Italia, mji ulioumizwa sana na Korona, madaktari waliona watoto wa namna hiyo wakiongezeka mara 30 kuliko miaka iliyotangulia. Tarehe 15 Mei 2020 Shirika la Afya Duniani likatoa taarifa kwa nchi zote. Baadaye mwaka ule ule madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, nao walieleza habari za watoto waliowatibu wao. Basi ilijulikana kwamba si ugonjwa wa Ulaya peke yake.

Madaktari wanaotumia Kifaransa, kama wengi wa kwetu, huuita kwa herufi PIMS. Wanaotumia Kiingereza huuita MIS-C. Maana yake ni moja: viungo vingi vya mtoto vinavimba na kuwaka kwa wakati mmoja. Mkisikia jina lolote kati ya hayo mawili, mjue ndio huo.

NDANI YA MWILI KUNATOKEA NINI

Ninyi mnaochemsha chikichi mtaelewa upesi. Tunapotaka kukamua, twaweka chikichi ndani ya pipa, twawasha moto chini. Moto ni mzuri, bila huo hakuna mawese. Chikichi zikiiva, mtu huondoa kuni. Sasa fikirini mtu amesahau kuondoa kuni, na maji yamekauka. Moto ule ule uliofanya kazi nzuri sasa unaunguza pipa lenyewe.

Mwili wa mtu ni hivyo hivyo. Virusi vinapoingia, mwili huwasha moto wake kuvipiga. Ndiyo sababu twapata homa na kuumwa mwili mzima. Virusi vikishindwa, moto hutakiwa kuzimika. Kwa watoto wengi sana huzimika. Kwa wachache hauzimiki, au huwaka upya baada ya kutulia. Hapo mwili wa mtoto unajiunguza wenyewe: mishipa ya damu, moyo, utumbo, ngozi, midomo na macho.

Jambo kubwa la kukumbuka ni muda. Moto huu wa pili huja kati ya wiki 2 na wiki 6 baada ya virusi kupita. Mafua yalikwisha zamani, mtoto amerudi shuleni, anacheza mpira, anachota maji. Mzazi amekwisha kusahau. Tena mara nyingi mtoto hakuugua mafua yenyewe, ila baba au dada yake ndiye aliyekohoa. Kwa hiyo ugonjwa unaonekana kama umetoka hewani.

Ndugu zetu, hapa ndipo ugomvi huanza. Mtoto mzima akianguka ghafula, watu hutafuta mkono wa mtu. Wengine husema amerogwa, wengine husema amelishwa sumu kwa jirani. Tumeona nyumba zilizokuwa zikipeana chumvi zikiacha kusalimiana kwa maneno kama hayo. Basi tufahamu kwamba ugonjwa unaweza kupita nyumbani kimya, ukaacha kuni zinawaka. Jirani hana kosa lolote.

Tena ugonjwa huu wenyewe hauambukizi. Virusi vya kwanza ndivyo vinavyoambukiza. Mtoto mwenye PIMS asitengwe na ndugu zake kwa kuogopa huo moto wa pili.

DALILI ZAKE

Dalili ya kwanza ni homa. Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo cha homa ya siku 3 au zaidi. Pamoja na homa hiyo huonekana mambo mawili au zaidi kati ya haya:

Kwanza, tumbo linauma sana, mtoto anatapika au anaharisha.

Pili, macho yote mawili ni mekundu, lakini hayatoi usaha.

Tatu, midomo inakauka na kupasuka, ulimi unakuwa mwekundu sana.

Nne, vipele au mabaka mwilini. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi. Kwa hiyo tazameni viganja vya mikono, nyayo za miguu, na ndani ya midomo. Papaseni ngozi kwa mkono, kwa maana vipele vingine huhisiwa kabla ya kuonekana.

Tano, mikono na miguu inavimba, au shingo ina tezi zinazouma.

Sita, na hii ndiyo ya hatari, moyo unachoka. Mtoto anapumua mbio, mikono na miguu inakuwa baridi ijapokuwa kifua kinawaka moto, hakojoi, anasinzia hovyo, anaongea maneno yasiyoeleweka, hawezi kusimama. Mkiona hayo msingoje asubuhi. Mtoto apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku.

MBONA DALILI HIZI NI KAMA ZA MALARIA?

Swali hilo ni la haki. Huku kwetu kando ya ziwa homa ni malaria kwanza, na malaria inaua watoto wengi kuliko ugonjwa huu. Kwa hiyo hatusemi mtu aache kuwaza malaria. Twasema asiishie hapo.

Mtoto mwenye homa apimwe damu siku hiyo hiyo au kesho yake. Ikionekana ana malaria, apewe dawa kamili aimalize. Dawa nzuri ya malaria, mtoto akiinywa sawasawa, hutakiwa kuipunguza homa kwa siku mbili au tatu. Siku 3 zikipita na homa bado ipo, kuna jambo. Ama dawa haikunywewa vizuri, ama mtoto aliitapika, ama kuna ugonjwa wa pili. Katika nchi za mbu wengi kama yetu, mtoto anaweza kuwa na vijidudu vya malaria katika damu huku kinachomwangusha ni kitu kingine. Karatasi ya malaria isitufumbe macho.

Na ikiwa kipimo kinaonyesha hakuna malaria, basi kumnunulia mtoto dawa ya malaria sokoni ni kutupa faranga na kutupa siku. Yule mwenzetu alinunua mara tatu. Akijumlisha alichotumia, kingetosha nauli ya kumfikisha hospitali.

Ugonjwa huu hufanana pia na homa ya matumbo, na hufanana na kidole tumbo. Katika nchi mbalimbali watoto wengine walipasuliwa tumbo, kumbe tumbo halikuwa na kosa. Kama madaktari wakubwa wenye vyombo vyote walidanganyika, sisi tusione haya kutokujua. Kazi yetu si kutaja jina la ugonjwa. Kazi yetu ni kuhesabu siku na kusema yaliyotokea nyumbani.

DAWA IPO

Wenzetu wengine hukata tamaa mapema wakisema magonjwa mapya dawa zake ziko Ulaya. Sivyo.

Ni kweli iko dawa moja ghali inayoitwa imunoglobulini, inayotolewa katika damu ya watu wengi waliojitolea na kutiwa mshipani. Hiyo ni shida kuipata katika nchi zetu. Lakini dawa nyingine, jamii ya steroidi, kama prednisoloni, ni ya miaka mingi na bei yake ni ndogo. Mwaka 2021 madaktari walitangaza utafiti wa watoto 614 kutoka nchi 32. Hawakuona ushahidi kwamba waliopewa ile ya ghali peke yake walipona vizuri kuliko waliopewa steroidi peke yake. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likashauri watoto waliolazwa kwa ugonjwa huu wapewe steroidi.

Lakini tusikilizane vizuri. Dawa hizo ni za hospitali. Mtu asizinunue sokoni ampe mtoto nyumbani. Steroidi hupunguza ulinzi wa mwili. Kama mtoto ana kifua kikuu au ugonjwa mwingine wa vijidudu uliojificha, zinaweza kumwangamiza. Vivyo hivyo msimpe mtoto mwenye homa aspirini kwa kujiamulia wenyewe. Aspirini baada ya mafua au tetekuwanga inaweza kumletea mtoto ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Daktari akiiandika yeye, hilo ni jambo lingine, maana ameona sababu na atamwangalia. Nyumbani mpeni parasetamoli kwa kipimo cha umri wake, na maji ya kunywa kidogo kidogo, mara nyingi.

Wanaofika mapema hupona karibu wote. Huko Marekani walihesabu zaidi ya watoto 9,000 wenye ugonjwa huu tangu mwaka 2020, na waliokufa hawakufika 100. Lakini wengi wao walihitaji kulazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, chenye vyombo vya kusaidia moyo na pumzi. Sisi vyombo hivyo ni vichache, na kutoka Rumonge hadi hospitali kubwa za Bujumbura ni zaidi ya kilomita 70. Kwa hiyo kwetu kufika mapema kuna thamani kubwa zaidi kuliko kwao.

Tangu mwaka 2022 ugonjwa huu umepungua sana duniani. Virusi vimebadilika, na watu wengi wamekwisha kupata kinga kwa kuugua au kwa chanjo. Hilo ni jambo la kufurahia. Lakini kupungua si kwisha, na mtoto mmoja kwa mzazi wake si hesabu ndogo.

MIAKA MITANO NA MIAKA MINANE

Sasa tunafika kwenye jambo la chama.

Tarehe 1 Mei 2006, Siku ya Wafanyakazi, ilitangazwa kwamba watoto wasiotimiza miaka 5 na mama wanaojifungua watatibiwa bure. Lilikuwa jambo kubwa, na watoto wengi wanaishi leo kwa sababu yake. Kabla ya hapo tuliona wazazi wakizuiwa na deni la hospitali.

Lakini ugonjwa huu hauwachagui watoto wadogo. Wengi wanaoshikwa ni wa miaka 6 hadi 12. Huko Marekani umri wa katikati ulikuwa miaka 9. Yaani ugonjwa unawapata watoto wetu pale pale ambapo mlango wa bure umekwisha kufungwa. Mzazi mwenye mtoto wa miaka 3 humpeleka bila kusita. Mzazi yule yule, kwa mtoto wa miaka 8, hukaa akihesabu faranga. Hana mapenzi machache kwa mkubwa. Hana kitu mfukoni.

Watumishi wa serikali wana mutuelle yao. Kibarua wa shamba la michikichi mara nyingi hana. Iko kadi ya msaada wa matibabu, CAM, iliyoanzishwa mwaka 1984 kwa ajili ya watu kama sisi. Wengi hawaitafuti mpaka mtoto ameanguka, na siku hiyo ni kuchelewa. Basi kila mwenzetu aulize habari zake komine mapema, wakati nyumba yote ina afya.

TUFANYE NINI

Tumekubaliana kuwashauri mambo matano.

La kwanza: tuhesabu siku za homa. Kila mkata mikungu ana daftari lake la hesabu, maana asipoandika atapunjwa. Mtoto akishikwa na homa, andika tarehe katika daftari hilo hilo. Ikifika siku ya tatu na homa bado ipo, ni siku ya kituo cha afya, hata kama jana alionekana nafuu. Ikiwa dalili za hatari zimetokea, usingoje siku ya tatu.

La pili: tuseme habari za nyuma. Ukifika mbele ya muuguzi, usiseme tu, "Mtoto ana homa." Sema, "Homa ina siku nne. Alipewa dawa fulani. Wiki nne zilizopita nyumbani tulikuwa na mafua na kikohozi." Maneno hayo machache yanaweza kumfungua macho muuguzi kuliko karatasi nyingi. Nasi tusiogope kuuliza, "Je, yawezekana ni ule ugonjwa wa baada ya Korona?" Kuuliza si kumfundisha kazi yake.

La tatu: tupokezane zamu. Mwenzako akiwa na mtoto mgonjwa, mshikie kazi yake, naye atakushikia yako. Wawakilishi wa wafanyakazi wapatane na wasimamizi mapema kwamba mtu aliyempeleka mtoto hospitali akarudi na karatasi ya hospitali asifutwe katika orodha. Tumekwisha kulipeleka jambo hilo mahali kadhaa. Mahali pengine wamekubali, mahali pengine bado. Hatutachoka.

La nne: kila kikundi kiwe na sanduku la kusaidiana. Tukichanga kidogo kila siku ya malipo, ipo nauli ya usiku na ipo faranga ya kwanza ya hospitali. Sanduku liwe na daftari, na daftari lisomwe mbele ya wote kila mwezi, ili pasiwe na manung'uniko.

La tano: tupunguze virusi vyenyewe, maana bila moto wa kwanza hakuna wa pili. Maji ya ziwa yalipopanda miaka ya 2021 na 2024, ndugu wengi walihama nyumba za ufukweni wakabanana kwa jamaa zao. Katika chumba kimoja cha watu tisa, mafua ya mmoja ni mafua ya wote. Dirisha lifunguliwe, anayekohoa afunike mdomo kwa kiwiko, mikono inawiwe kwa sabuni. Sabuni tunayo, twaitengenezea mafuta kwa mikono yetu. Isikose katika nyumba zetu wenyewe.

Tunamwomba kila mwakilishi awasomee maneno haya wale wasiojua kusoma, wakati wa mapumziko chini ya michikichi au mbele ya mashine, na awafasirie kwa Kirundi wale wasioelewa Kiswahili vizuri. Mwenye swali alilete katika mkutano wa mwezi. Na yule mwenzetu aliyefutwa, habari yake tumeiweka katika ajenda ya mkutano huo. Njooni kwa wingi.

Umoja ni nguvu.